Bangi na saratani: dawa ya kichefuchefu si dawa ya uvimbe

Septemba 2018, Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika wa Bunge la Kenya akiomba msaada wa kuandaa muswada wa kuhalalisha bangi, ikiwemo bangi ya tiba. Februari 2019 akatangaza hadharani kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana, nayo imeshafika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo, na muswada wake haukuwahi kuwa sheria. Tangu wakati huo mjadala umebaki na kambi mbili zinazopigiana kelele. Moja inasema huu ni mti wa uponyaji ambao wenye viwanda vya dawa wameuficha. Nyingine inasema bangi ni dawa ya kulevya, hakuna zaidi ya kujadili.

Mgonjwa mwenyewe ana maswali mawili. Je, bangi itaniondolea uvimbe? Na je, itanisaidia kuyastahimili matibabu? Majibu yake hayafanani hata kidogo, na kuyachanganya kumewagharimu watu maisha yao.

Nianze na la pili, maana hapo watetezi wa bangi wana hoja yenye nguvu. Aliyewahi kumuuguza mtu anayepewa tibakemikali anajua kwamba mara nyingi kinachomfanya atake kuacha dozi ni kichefuchefu: anatapika mpaka hana cha kutapika, harufu ya chakula tu inamchafua moyo, uzito unaporomoka. THC, kemikali ya bangi inayolevya, ilitenganishwa mwaka 1964 nchini Israel na Raphael Mechoulam pamoja na Yechiel Gaoni. Mwaka 1985 Marekani ikaidhinisha dawa mbili za kuzuia kutapika kunakoletwa na tibakemikali: dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, na nabilone, kemikali iliyoundwa kwa kuiga THC. Kwa hiyo wanaodai kwamba utabibu umeifumbia macho bangi hawasemi kweli. Vidonge hivyo vimekuwa kwenye famasia kwa takriban miaka 40.

Lakini tuangalie vilishindanishwa na nini. Dawa za kutapika za wakati ule zilikuwa dhaifu, na kuzishinda hakukuwa kazi kubwa. Ondansetron, dawa ya kuzuia kutapika, iliidhinishwa mwaka 1991, ikabadilisha kabisa hali katika wodi za saratani. Baadaye ikaonekana kwamba hata olanzapine, dawa ya magonjwa ya akili yenye bei nafuu, inasaidia sana ikiongezwa juu yake. Ndiyo maana leo daktari hamwanzishii mgonjwa dawa ya bangi. Anaifikiria pale nyingine zinaposhindwa.

Na pale zinaposhindwa, kuna ushahidi mzuri. Watafiti wa Australia waliwachukua wagonjwa waliokuwa wakiteseka licha ya kupewa dawa zote za kawaida, wakawaongezea ama kidonge chenye THC na CBD (kemikali nyingine ya bangi, isiyolevya) ama kidonge kisicho na dawa. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2024: waliopita kipindi cha tiba bila kutapika wala kuhitaji dawa ya dharura walikuwa asilimia 24 kwa kidonge cha bangi, na asilimia 8 kwa kidonge kitupu. Tofauti ni mara tatu. Lakini hata kwa bangi, watatu kati ya wanne hawakupata nafuu kamili, na usingizi na kizunguzungu viliongezeka. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: hii ni dawa halali, ya akiba, kwa mgonjwa ambaye nyingine zimemshinda. Kumnyima mtu huyo kwa sababu tu jirani yake anavuta msokoto kijiweni si haki.

Kwenye maumivu hali ni nyingine. Dawa ya kupulizia mdomoni iliyotokana na bangi, Sativex, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ambao dawa kali za maumivu hazikuwatosha, na majaribio makubwa hayakufikia lengo lake kuu. Mwenye maumivu makali ya saratani anahitaji mofini kwanza.

Sasa uvimbe. Hapa matumaini hayakuzuka hewani. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba THC inapunguza kasi ya ukuaji wa saratani ya mapafu kwa panya. Tafiti nyingi za maabara zimefuata, na katika nyingi kati ya hizo seli za saratani hufa zikimwagiwa kemikali za bangi. Mtu akikutumia habari hiyo kwenye simu, hakuambii uongo. Anachoacha kukuambia ni kwamba seli za saratani katika chombo cha maabara huuawa na vitu vingi sana, na kwamba kiwango kinachotumika pale mara nyingi hakifikiki kwenye damu ya binadamu kwa kunywa mafuta au kuvuta.

Kwa binadamu, kundi la Manuel Guzmán wa Chuo Kikuu cha Complutense, Madrid, lilichapisha mwaka 2006 jaribio la kuingiza THC moja kwa moja kwenye uvimbe wa ubongo, glioblastoma, kwa wagonjwa 9 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia. Njia hiyo ilionekana kuwa salama. Wagonjwa wote walifariki. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 21 wa glioblastoma iliyorudi, wote wakipata tibakemikali. Baadhi waliongezewa Sativex na wengine kipulizio kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 83 ya waliopata Sativex walikuwa hai, dhidi ya asilimia 44 ya wenzao.

Takwimu hiyo inasisimua moyo, hasa kwa ugonjwa katili namna hiyo. Lakini kwa watu 21, wawili au watatu tu wakienda upande mwingine picha yote inageuka, na jaribio lenyewe lililenga usalama. Waingereza walifanya jambo la maana: mwaka 2023 walianzisha jaribio kubwa zaidi, lenye lengo la wagonjwa zaidi ya 200, ili wajue kweli. Na tukumbuke kwamba katika jaribio lile hakuna aliyeacha tibakemikali. Wote walikuwa wakiipata.

Hapo ndipo hadithi ya mafuta ya bangi inapokuwa hatari. Rick Simpson wa Kanada alidai kwamba mwaka 2003 alijiponya saratani ya ngozi kwa mafuta aliyojitengenezea, na dai hilo limeizunguka dunia bila jaribio lolote la kuliunga mkono. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwalinganisha watu wenye saratani zinazotibika: waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya waliofuata matibabu ya hospitali, na kwa saratani ya matiti zaidi ya mara tano. Haukuwa utafiti wa bangi pekee, lakini njia ya mauti ni ileile: mwanamke ana kivimbe kidogo ambacho upasuaji ungekiondoa, anakaa nyumbani miezi akinywa matone, anarudi kikiwa kimesambaa.

Hata anayetumia bangi pamoja na matibabu ana la kumwambia daktari wake. CBD huingilia vimeng'enya vya ini vinavyochakata dawa nyingi, tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti, ikiwa miongoni mwake. Uchunguzi wa Israel wa mwaka 2019 ulikuta wagonjwa waliotumia bangi walipokuwa kwenye tiba ya kinga (inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani) hawakuitikia tiba vizuri kama wenzao. Si ushahidi wa mwisho, lakini unatosha kumfanya mtu aulize. Bangi ya majani pia inaweza kubeba ukungu, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na tibakemikali, ukungu huo ukiingia mapafuni unaweza kumuua.

Wapinzani nao wanapokosea ni wanapodhani katazo linamkinga mgonjwa. Mgonjwa anatumia. Ananunua chupa isiyo na lebo ya kuaminika, hajui ina THC kiasi gani, na anamficha daktari kwa kuogopa kushtakiwa. Hofu yao kwamba kufungua mlango wa tiba ni kufungua mlango wa ulevi ina msingi, maana sehemu kadhaa za Marekani zilianza na tiba na kuishia na maduka ya starehe. Lakini jibu la hofu hiyo liko hapahapa kwetu. Mofini hutokana na afyuni, dawa ya kulevya iliyo kali kuliko bangi. Uganda, kupitia Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliifanya mofini ya maji kuwa dawa ya wagonjwa wa saratani hadi vijijini, na mwaka 2004 ikawaruhusu kisheria wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika. Dozi inapimwa, daftari linajazwa, mgonjwa analala usiku.

Desemba 2020 nchi wanachama wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya zilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa 1961. Mwaka huohuo Rwanda iliidhinisha miongozo ya kulima bangi ya tiba kwa soko la nje, huku ikisisitiza kwamba kuivuta nchini bado ni kosa. Kiuchumi naelewa. Kitabibu ningependa nchi zetu zianze mahali padogo zaidi: kidonge chenye kipimo kinachojulikana, ndani ya hospitali za saratani kama Ocean Road ya Dar es Salaam, kwa wagonjwa ambao ondansetron na olanzapine zimeshindwa kuwatuliza, na matokeo yao yaandikwe na kuchapishwa. Hilo halihitaji kuhalalisha shamba hata moja.