Kodi haiulizi makaratasi

Kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la Watanzania wa Maryland na Virginia, ubishi wa Simba na Yanga siku hizi umepata mshindani. Mtu akiweka habari ya Trump tu, basi, simu hailali. Wenye uraia wanawakemea wenye grini kadi, wenye grini kadi wanawasema waliojilipua, yaani wanaoishi bila makaratasi ya kuruhusiwa kukaa, na kuna mjomba mmoja aliyeko Mwanza, hajawahi kukanyaga Marekani, ndiye mkali kuliko wote. Kauli yake haibadiliki: wahamiaji haramu wanakula kodi za Wamarekani, wafukuzwe. Anayemjibu humwita mbaguzi. Hapo hoja zimeisha, limebaki zogo.

Na huko Bungeni Washington mambo ni hayo hayo, ila wamevaa suti. Ukali wenyewe haunisumbui, siasa ni ukali. Linalonikera ni kwamba watu wanapigizana kelele kuhusu kodi, wahamiaji na kura, na ni wachache sana kati yao waliowahi kuishika mkononi hati ya mshahara ya mtu anayebeba boksi, yaani anayefanya kazi za jasho huku ughaibuni.

Haya, tuishike moja. Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Silver Spring, Maryland. Wiki hii mshahara wake kabla ya makato ni dola 1,000. Hajaigusa hela, dola 62 zimeshakwenda Social Security, mfuko wa pensheni, na dola 14 na senti 50 zimekwenda Medicare, bima ya afya ya wazee wale wale anaowaogesha na kuwalisha. Mwajiri naye anaongeza kiasi kama hicho juu yake. Inakuja kodi ya mapato ya serikali kuu, inakuja ya jimbo, halafu Kaunti ya Montgomery inadai asilimia 3.2 yake. Kwenye karatasi yote hiyo hakuna mahali panapouliza dada aliingiaje nchini. Na kama namba ya Social Security anayofanyia kazi si yake, makato hayapungui hata senti. Ila uzeeni hiyo pensheni ataisikia kwa wenzake.

Asiye na namba ya Social Security kabisa naye hakusahaulika. Tangu mwaka 1996, IRS, yaani mamlaka ya mapato ya huku, inatoa namba iitwayo ITIN. Ina tarakimu tisa na daima inaanza na 9. Haikupi ruhusa ya kazi, haikupi ukaazi, wala haikuandikishii pensheni. Inakuwezesha kulipa kodi. Na watu wanaiomba! Wanajaza fomu W-7, wanatafuta pasipoti au nakala zilizothibitishwa, wanapeleka wenyewe. Sisi ambao nyumbani tukisikia maofisa wa TRA wanapita Kariakoo tunashusha shata, hili linatushangaza. Mwenye ITIN ana hesabu yake, lakini. Anakumbuka, au ameambiwa, kwamba mwaka 1986 Rais Reagan, Mrepublikan halisi, alitia saini sheria iliyowapa ukaazi watu wapatao milioni 2.7. Anaamini kwamba siku ikija sheria nyingine ya namna hiyo, mwenye ritani za kodi za miaka kumi atakuwa na cha kuonyesha.

Taasisi moja ya Washington inayochambua kodi, Institute on Taxation and Economic Policy, ilikadiria kwamba mwaka 2022 wahamiaji wasio na makaratasi walilipa kodi dola bilioni 96.7. Ndani yake, bilioni 25.7 ziliingia Social Security. Taasisi hiyo ina mrengo wa kushoto, najua, na mjomba wa Mwanza atanikumbusha. Sawa, tukate nusu nzima. Inayobaki bado inazidi mara mbili bajeti yote ya serikali ya Tanzania ya mwaka huo. Sasa nani anakula kodi ya nani?

Hata hivyo Wademokrati nao wasikimbilie kushangilia, kwa sababu upande wa pili una hoja ambayo wao waliifumbia macho miaka mingi. Ile pesa kubwa inakwenda serikali kuu. Mzigo unatua mjini: shule, ambazo Mahakama Kuu ya nchi iliamua tangu 1982 kwamba haziwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya makaratasi, vyumba vya dharura vya hospitali, ambavyo kwa sheria ya 1986 havimfukuzi mgonjwa mahututi, na makazi ya muda. New York ilianza kupokea mabasi ya watu kutoka mpakani mwaka 2022, na kufika Septemba 2023 Meya Eric Adams, Mdemokrati, alikuwa anasema hadharani kwamba jambo hili litauangamiza mji wake. Mtu anayelipa kodi ya jengo lake Queens, New York hiyo hiyo, na kuona hoteli ya jirani imegeuzwa kituo cha wahamiaji hakuwa mbaguzi kwa kuuliza nani analipa bili. Alijibiwa kwa mahubiri. Kisha watu wakashangaa kura za 2024 zilivyokwenda.

Ila kujibu swali lake ni kazi ya hesabu: serikali kuu inayopokea iteremshe fungu kwa mji unaobeba. Nani alisimama na hoja hiyo kwenye kampeni? Walichotupa ni Springfield, Ohio. Septemba 10, 2024, kwenye mdahalo wa televisheni, Trump, akiwa mgombea urais, alidai kwamba wahamiaji wa kule, Wahaiti, wanakula mbwa na paka za watu. Viongozi wa mji walikuwa wameshasema hawana ushahidi wowote. Wahaiti wengi wa Springfield walikuwa nchini kihalali, na viwanda vya pale vilikuwa vinawahitaji.

Mwaka 2025 ukatokea mkasa ambao kwangu ni mbaya kuliko kelele zote hizo, na ambao kwenye kundi letu haukujadiliwa hata dakika tano. Tangu 1976, baada ya kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon, sheria ya Marekani inalinda taarifa za kodi za mtu kama siri. Watu wa ITIN waliambiwa hivyo miaka yote: andika anwani yako ya kweli, IRS si polisi wa uhamiaji. Aprili 2025, Wizara ya Fedha ikasaini makubaliano na Wizara ya Usalama wa Ndani ya kuruhusu anwani hizo ziombwe kwa ajili ya kuwatafuta watu. Kaimu mkuu wa IRS, Melanie Krause, akaamua kuondoka. Watetezi wa wahamiaji wakawa wameshakwenda mahakamani.

Weka huruma pembeni kabisa. Litazame kama mtoza ushuru. Una mamilioni ya watu wanaokuletea pesa kwa hiari yao, hujawatumia hata askari mmoja. Unageuka na kuitumia risiti kama ramani ya kuwakamatia. Mwaka unaofuata nani ataleta? Wanaojisifu kuwa ndio chama cha wafanyabiashara wangepaswa kuliona hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Majirani wananiuliza kama wajaze ritani safari hii au waache. Mimi ni fundi wa kujaza fomu tu, si wakili. Nawaambia waende kwa wakili kwanza, jibu ambalo zamani halikuhitajika.

Julai 4, 2025 ikasainiwa sheria kubwa ya kodi na matumizi. Nafuu ya kodi kwa mtoto ikapanda hadi dola 2,200. Zamani ilitosha mtoto mwenyewe kuwa na namba ya Social Security. Sasa lazima na mzazi mmoja angalau awe nayo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hapa, Mmarekani kamili, ambaye baba na mama wote wanalipa kwa ITIN, hana chake kwenye nafuu hiyo. Sheria hiyo hiyo imetenga dola bilioni 45 za vituo vya kuwazuilia wahamiaji. Wapo watakaosema ni haki, nchi ni yao. Sawa. Lakini wasiseme ni kubana matumizi.

Na msidhani vyama hivi vinatofautiana kwenye kila kitu. Kodi ya bahashishi, ile tipu wanayoachiwa wahudumu wa hoteli, Trump aliahidi kuifuta akiwa Las Vegas Juni 2024. Agosti, Kamala Harris akaenda Las Vegas hiyo hiyo akaahidi hivyo hivyo. Nevada ilikuwa moja ya majimbo saba ambayo matokeo yake hayakutabirika, na imejaa wahudumu wa hoteli na kasino. Mpishi wa jikoni, asiyepata tipu na anayelipwa mshahara ule ule, hakukumbukwa na yeyote. Jimbo lake labda halina ushindani.

Tuje kwenye kura zenyewe. Sheria ya 1996 inamfanya asiye raia akipiga kura ya kitaifa kuwa mhalifu, na malipo yake ni jela na kufukuzwa. Mtu anayeogopa kuendesha gari usiku kwa sababu taa moja ya nyuma imeungua, atakwenda mwenyewe kuandika jina na anwani kwenye daftari la serikali, apate kura moja? Georgia, ambako Warepublikan ndio wameshika usukani, walikagua daftari lao mwaka 2024. Kati ya walioandikishwa milioni 8.2 walikuta wasio raia 20. Kansas waliwahi kudai cheti cha kuzaliwa au pasipoti kabla ya kumwandikisha mtu, wakakwama zaidi ya watu 31,000, karibu wote raia halali, mpaka mahakama ilipoifuta sheria hiyo mwaka 2018. Pamoja na hayo, Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa SAVE wenye sharti la namna hiyo kwa nchi nzima, kura 220 kwa 208.

Hapa naachana na marafiki zangu wa Democratic. Wao wakisikia tu kitambulisho wanapiga yowe. Mimi nimetoka nchi ambayo bila kitambulisho kituoni unarudi nyumbani, na sioni dhambi ndani yake. Ila kwetu waandikishaji wanakuja na mashine hadi shule ya msingi ya kijijini, wanakupiga picha, wanakupa kadi bila kukutoza shilingi. Huku hakuna kitambulisho cha taifa, na pasipoti ya mtu mzima kwa mara ya kwanza ni dola 165. Wademokrati wangesema, tunakubali, kila raia apewe kadi bure mlangoni kwake, wangeimaliza hoja hii siku moja. Hawasemi.

Kwa nini hawasemi ndilo jambo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa: tatizo hili likiisha, wagombea wa pande zote mbili watapanda jukwaani na nini? Desemba 2010 Wademokrati walikuwa na Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na muswada wa vijana walioletwa nchini wakiwa watoto ukapata kura 55 Seneti, wakati zilihitajika 60. Watano kati ya waliokataa walikuwa Wademokrati. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha mageuzi makubwa kwa kura 68 dhidi ya 32, na Spika John Boehner hakuyaleta hata mezani. Februari 2024 Seneta James Lankford wa Oklahoma, Mrepublikan asiye na masihara, alitoa muswada mkali wa mpaka alioandika pamoja na wenzake wa upande wa pili. Trump akaupinga akiwa mgombea, na Warepublikan waliokuwa wakililia mpaka miaka yote wakautupa ndani ya siku chache.

Zamani nchi hii haikuwa hivi. Majimbo mengi yaliwaruhusu wageni wasio raia kupiga kura, na la mwisho kuacha, Arkansas, liliacha mwaka 1926. Hapa jirani yangu, mji wa Takoma Park, wanaruhusu mpaka leo, tangu miaka ya 1990, kwa uchaguzi wa mji tu, bila kuuliza makaratasi. Meya anachaguliwa, taka zinazolewa, mji haujaanguka. Na ukivuka mpaka kuingia Washington unakutana na magari ya raia kabisa ambayo tangu mwaka 2000 namba zake zinalalamika kuhusu kutozwa kodi bila uwakilishi, maana mji mkuu hauna mbunge mwenye kura wala seneta.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nadai kila anayeingia apewe kura ya urais. Sidai. Nadai anayekatwa asiitwe mwizi na wale wanaomkata.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo mnaniuliza kila siku inboksi: ushuru wa pesa za kutuma nyumbani. Umo kwenye ile ile sheria ya Julai 2025. Mwanzoni Baraza la Wawakilishi lilitaka asilimia 5, ikashuka 3.5, na ilikuwa iwaguse wasio raia peke yao. Seneti ikaikata hadi asilimia 1 na kuitandaza kwa wote, raia na asiye raia, kuanzia Januari 1, 2026. Kenya, ambayo mwaka 2024 ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walioko nje, sehemu kubwa ikitoka Marekani, ilikuwa na sababu ya kushusha pumzi. Ushuru huu unamhusu anayelipa dirishani kwa pesa taslimu, money order au hundi ya benki. Ukituma kutoka kwenye akaunti yako ya benki ya huku au kwa kadi yake, hukatwi. Kwa hiyo anayekatwa dola 3 kwenye dola 300 za dawa za mama ni yule asiye na akaunti. Zipo benki zinazofungua akaunti kwa pasipoti na ITIN. Ulizieni kabla hamjapanga foleni pale dukani.