Colosseum haisifiwi nusu

Kila anayetoka Roma husifu ukubwa wa Colosseum, uwanja wa kale ambamo watu na wanyama waliuawa mbele ya watazamaji, na hakosei. Kuta zake zinafika karibu mita 48 kwenda juu. Chini ulizungushiwa matao 80, mengi yakiwa na namba zilizochongwa kwenye jiwe. Baadhi zinasomeka hadi leo. Mtazamaji alitafuta namba yake, akapanda ngazi zake, akakaa. Watu wapatao 50,000! Viwanja vingapi vya siku hizi bado watu wanakanyagana mlangoni?

Ninachokikataa ni ile kauli kwamba tuuenzi ufundi, ukatili tuuache. Hapa haviachani. Shuka chini ya uwanja uone. Kulikuwa na vichochoro vyenye giza, vizimba, na lifti za mbao. Watumwa walisukuma mihimili, kamba zikakaza, kizimba kikapanda na chui ndani yake, mlango ukafunguka, mnyama akatokea ghafla katikati ya mchanga. Fundi aliyepiga hesabu ya uzito ule alijua vizuri ni nani anayemsubiri chui huko juu. Na juu kabisa, mabaharia walitandaza turubai kubwa ili jua lisiwasumbue watazamaji.

Hata fedha zake zilinuka damu: nyara za vita vya Uyahudi, baada ya Yerusalemu kuangushwa mwaka 70. Kaisari Titus, mtawala wa Roma, alipolizindua jengo mwaka 80, michezo ilichukua siku 100, na mwanahistoria Cassius Dio anasema wanyama 9,000 waliuawa. Wengi wa simba na chui wa maonyesho ya Roma walikamatwa Afrika Kaskazini.

Wapo watakaoniambia ndivyo dunia ilivyokuwa, tusiwahukumu watu wa kale kwa macho yetu. Hoja hiyo hainiingii akilini, kwa sababu macho ya kuuona uovu huo yalikuwepo. Seneca, mwanafalsafa Mroma aliyefariki mwaka 65, kabla ya Colosseum kujengwa, aliwahi kuingia kwenye maonyesho kama hayo adhuhuri, wakati wa kuua wahalifu. Aliandika kwamba asubuhi watu hutupiwa simba na dubu, adhuhuri hutupiwa watazamaji wao. Akakiri kwamba hurudi nyumbani akiwa mkatili zaidi, kwa sababu tu alikaa kati ya watu.