Kiwanja Nilichokuzuia Kununua Nacho Kina Bei

"Sasa nikulipe ya nini, si hukuuza?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee ninayemheshimu, askari mstaafu, na aliuliza kwa upole kabisa, mkewe akiwa pembeni, chai ikiwa mezani. Mimi ni dalali wa viwanja na nyumba hapa Uganda, na wala sikuwa nimedai kitu. Nilitania tu kwamba kazi ya kile kiwanja cha Matugga nilichomzuia kununua sijaionea hata soda. Akacheka, nami nikacheka. Wiki nzima sasa hasira haijanitoka.

Nianze na Matugga. Afande alistaafu, kiinua mgongo kikaingia benki, na kama wastaafu wote wa jeshi alikuwa na haraka. Nawaelewa watu hawa, baba yangu ni mmoja wao. Ukiishi kambini, nyumba ni ya serikali, bomba ni la serikali, hata ukuta unaopiga msumari si wako. Siku utumishi ukiisha unaletewa barua yenye tarehe ya kurudisha ufunguo. Sisi tulitoka na magodoro juu ya pikapu, tukaingia muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, wazazi na watoto na bibi. Mpaka leo baba akisema "kwetu" anamaanisha kota ile, ambamo sasa wanaishi watu asiowajua. Kwa hiyo akija mstaafu kutafuta kiwanja, sioni asilimia yangu tu. Namwona baba akifunga godoro kwa kamba.

Kiwanja chenyewe kilikuwa nusu eka, njia ya Bombo kutoka Kampala, unapita Matugga unaingia ndani kidogo. Bei ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo nilipoanza kutia shaka. Tulikagua hati ofisi ya ardhi Wakiso: jina la muuzaji ni lake kweli, hakuna kaveti, yaani zuio la kuuza, hakuna benki inayoidai ardhi ile. Afande akataka kulipa mchana huo huo. Nikamwambia, Afande, karatasi tumeiona, sasa twende tukaione ardhi.

Tukakuta migomba iliyozeeka, mfenesi ambao mtu mmoja hawezi kuukumbatia, miti ya mulamula imepandwa kwa mstari mpakani, na makaburi mawili yaliyosakafiwa. Jjajja (mzee) mmoja alikuwa anaanika kahawa uani. Muuzaji, bila aibu, akasema hao ni walinzi tu, atawatoa mwezi ujao. Walinzi! Walinzi gani wanazika watu wao kazini?

Ninyi mnaokaa Buganda habari za mailo, ardhi ya hati isiyo na mwisho, mnazijua, sina haja ya kuwafundisha. Ila nimeona kwamba bei ikishuka, kumbukumbu za watu nazo hushuka. Ghafla mtu hajawahi kusikia neno kibanja, yaani sehemu mtu anayokaa na kulima juu ya ardhi yenye hati ya mwingine. Tangu mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda tunaishi na mwenye hati na mwenye kibanja juu ya udongo mmoja, na sheria inawatambua wote wawili. Aliyekaa mahali miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye ardhi kumpinga, Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda. Marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba hatolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya busuulu isiyolipwa, ile kodi ya kila mwaka anayopewa mwenye hati. Na mwenye hati akitaka kuuza, wa kwanza kuulizwa ni yule mwenye kibanja. Jjajja yule hakuwa ameulizwa na mtu. Tulipomweleza tumefuata nini, aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, risiti zake za busuulu zote zimo, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Nikamwambia Afande, hapa hununui nusu eka, unanunua kesi, na unamnunua jjajja na makaburi yake. Alinikasirikia kweli. Akaniambia, "Wewe binti unapenda kutafuta matatizo," akapanda gari la muuzaji, mimi nikarudi barabarani kwa boda. Lakini pesa hakutoa. Baada ya muda alipata sehemu nyingine kuelekea Luweero, ndogo kidogo, isiyo na mtu juu yake, kupitia dalali mwingine. Dalali yule alipata asilimia yake na mbuzi. Ndiyo, mbuzi mzima, nimeonyeshwa picha. Aliyekinunua kile cha Matugga hajaweka hata tofali moja, kila nikisikia habari zake yuko mahakamani.

Sasa niambieni, kati yangu na yule wa mbuzi, nani aliyeokoa kiinua mgongo cha mtu?

Kazi yetu inalipwa siku mteja anaposema ndiyo. Asilimia 5 ukibahatika, nayo hujadiliwa mpaka unaona haya. Siku mteja anaposema hapana kwa sababu wewe ulimwonyesha kaburi lililofichwa na migomba, hulipwi chochote. Nauli ni yako, muda wa simu ni wako, siku nzima kwenye foleni ya ofisi ya ardhi ni yako. Halafu mnashangaa kwa nini madalali hawaonyeshi makaburi! Mmeweka malipo yote upande wa kuuza, mkategemea uaminifu ujilishe wenyewe. Dalali anayenyamaza anakula nyama jioni. Anayesema anatafutiwa jina: mwanamke mwenye maneno mengi, anayeharibia watu dili.

Najua mtakachoniambia, kwamba madalali ni wezi. Haya, wapo, na ni wengi. Wapo wanaochukua pesa ya kuonyesha nyumba kwa watu kumi, nyumba ambayo mpangaji aliingia mwezi uliopita. Mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuamka asubuhi dalali. Hilo nalikubali, na sitalirudia.

Lakini na ninyi wateja tusemane. Kuna anayetaka nyumba ya Kololo, mtaa wa matajiri, kwa pesa ya Kireka. Kuna anayeonyeshwa nyumba mchana, usiku anampigia mwenye nyumba kwa siri ili aniruke. Na kuna ndugu, hao ndio wabaya kupita wote: "Wewe ni mtoto wetu, utatulipishaje?" Mtoto wenu ananunua sukari dukani kwa pesa, wajomba.

Aliyewahi kunielewa ni dada mmoja aliye kyeyo, yaani kibarua cha ng'ambo, anawahudumia wazee huko nje. Kwa muda mrefu alikuwa akimtumia kaka yake pesa za kujenga nyumba ya mama yao upande wa Gayaza. Kaka anatuma picha: msingi, kuta, mabati. Dada akaniomba niende tu nikapige picha ya mlango, anataka kuchagua rangi. Nilifika nikakuta nyasi. Nyumba ya kwenye picha ilikuwa ya jirani, na jirani mwenyewe alinikaribisha vizuri, akanieleza kaka huja mara kwa mara "kupiga picha za ukumbusho".

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumpigia. Hapo hakuna asilimia, hakuna hata kiwanja kinachouzwa, ni kumvunjia mtu familia yake kwa sauti yako mwenyewe. Alipopokea nilimweleza. Akanyamaza, kisha akauliza kama nyasi zimekatwa. Sijui kwa nini aliuliza hivyo, na sikumuuliza. Mama yao alinipigia siku ya pili akanitukana, kwamba nimewagombanisha wanawe, kwamba nina kijicho. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, ni mama wa watu. Mwisho wa mwezi yule dada alinitumia ada ya muhula mzima ya Rehema wangu, na ujumbe mfupi: "Hii ni ya nyasi." Hakununua kitu kwangu, na mpaka leo hajanunua. Yeye aliona kazi iliyofanyika.

Na Baba Rehema. Mume wangu ni mwalimu, mshahara wake mnaujua, na kwa miaka yote hii anaporudi hukuta nimeingia na viatu vyekundu kwa vumbi la Wakiso na mkoba mtupu. Zamani alikuwa akiuliza, "Umeuza?" Siku hizi huuliza, "Umemzuia nani?" kisha ananisogezea chakula. Ninyi niliowazuia mkalala salama, mjue posho (ugali) na maharage ya siku zile yalilipwa kwa chaki. Mwenye kushukuru aanzie kwake.

Ndiyo maana kuanzia mwezi ujao nimebadilisha utaratibu, na baba, niliyemsomea haya kwanza, amesema nilichelewa. Ukaguzi unalipwa peke yake, shilingi 150,000, kabla sijatoka nyumbani, ununue usinunue. Kwa pesa hiyo nitakagua hati, nitakwenda kwenye ardhi mara mbili, mara moja bila muuzaji kujua, nitaongea na majirani na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, nitauliza kama mke wa muuzaji amekubali, maana ardhi ya familia haiuzwi na mume peke yake hata kama hati ina jina lake tu. Mpimaji wa kufungua mipaka utamlipa mwenyewe. Ukinunua kupitia kwangu, hiyo 150,000 itatolewa kwenye asilimia yangu. Usiponunua, hairudi.

Wajomba nao watalipa. Afande pia, akitaka kile cha pili anachonitajia siku hizi kule Nakaseke. Nimeshamwandikia. Bado hajajibu.