Baridi ya Kanada, Jasho la Makadara

Kipupwe kimeingia Mombasa na watu wamepotewa na akili. Julai hii, ukitoka alfajiri ukakuta digrii 22, utadhani tumehamishwa usiku tukiwa tumelala, tukatupwa kilele cha Mlima Kenya. Watoto wa chuo wamefungwa kofia za sufi mpaka macho yanatafutwa. Mlinzi wa gorofa iliyo mkabala nasi amejifunika blanketi juu ya koti. Na yule kijana wa bodaboda wa kona yetu amevaa jaketi nene lililojazwa manyoya ya bata, amelivaa kinyume, zipu iko mgongoni. Jaketi lile lilishonewa mtu wa kuchota theluji mlangoni kwake. Likavaliwa huko, likachokwa, likafungwa robota, likapanda meli hadi Kilindini, likamwagwa Kongowea kwenye mitumba, na leo labeba abiria kwenda Buxton. Ndiyo maana husema, sisi baridi hatuna, twaiagiza kwa makontena.

Sasa katika msimu huo wa kutetemeka bure, mimi nimeamriwa nipige mbio. Aliyeniamuru ni daktari, na naye sina ugomvi. Presha, sukari na tumbo ni mambo ya kawaida kwa mwanamume wa miaka 54 anayekaa mlango wa pili kutoka kwa muuza viazi karai. Ugomvi wangu ni na shemeji yangu, kakake mke wangu, aishiye Toronto. Mke wangu alimwambia kwenye simu, "Kaka, shemejiyo ataka kuanza mazoezi," basi. Alipokuja likizo alishusha begi zima la vyombo vya kukimbilia.

Mimi wallahi nilipoliona begi nilipata tamaa. Watu wakitoka nje huleta manukato, huleta chokoleti, angalau shati. Yeye kaniletea suruali ya kubana. Nimeivuta mpaka mapajani ikagoma, ikabidi nilale chali kitandani mke wangu aivute kwa juu. Mtu na heshima zangu.

Shemeji, mujue, hukimbia nje wakati wa baridi ya huko. Kwa hiari yake. Digrii 15 chini ya sifuri, na hakuna anayemfukuza. Alinionyesha picha, ndevu zimeshika barafu, nyusi zimeshika barafu, yuacheka. Nikamuuliza, "Shemeji, huko hakuna nyumba?" Akasema baridi si tatizo, tatizo ni mavazi. Lazima uvae tabaka tatu: ya ndani ifyonze jasho, ya kati ihifadhi joto, ya nje izuie upepo. Na usivae pamba, kwa sababu pamba ikilowa hukaa na maji, na maji hayo hukunyonya joto lote mwilini. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo ndiyo pamba niitakayo mimi."

Hakunisikia. Na mke wangu naye akaingilia: "Vitu vya watu vimetoka mbali, utavivaa." Nikavivaa.

Siku hiyo ya kwanza nilitoka Makadara kabla ya mapambazuko na tabaka zangu tatu, fulana ya kung'aa juu yake, na tochi kichwani. Huko Toronto tochi ina maana. Mwezi wa Desemba jua huchelewa hadi karibu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni lishajiendea zake. Mfanyakazi akitaka kukimbia, atakimbia gizani. Lakini hapa kwetu, kusi au kaskazi, jua hutoka saa kumi na mbili na dakika zake, ni lenyewe linakusubiri wewe. Kufika kwenye msikiti, wazee wanatoka sala ya Alfajiri, wakaona mtu kavaa fulana ya kung'aa na taa ya kichwa. Wakanizunguka. "Kijana, stima yarudi saa ngapi?" Mwengine akataka kunipeleka nyumbani kwake nikaangalie mita. Nilipowaambia nakimbia tu, yule mzee wa mita akaniangalia juu hadi chini, akaona ile suruali, akageuza uso akaomba ulinzi wa Mungu.

Nikafika barabara ya Mama Ngina nimeiva. Watu wa bara hawajui: hapa jasho halina pa kwenda. Hewa yenyewe ishalowa, itafyonza nini? Jasho lakutoka, lakutazama, lakaa hapo hapo. Na pale ukipita pembeni ya uwanja wa gofu ndipo ninapowakumbuka wanaume wa kweli. Tarehe 24 Machi 2007 uwanja huo huo ulifanyiwa mbio za nyika za dunia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja hapo akiwa bingwa wa mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Mombasa ikamshika. Mzunguko wa mwisho akaacha mbio, akatoka pembeni, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Bekele yule! Na alikuwa na kaptura na fulana isiyo na mikono. Mimi nilikuwa na glavu.

Glavu zenyewe zina uzi unaopitisha umeme kwenye ncha za vidole, ili ubonyeze simu bila kuzivua. Mke wangu sasa ndizo aepulia sufuria. Yale meno ya chuma ya kuvalisha chini ya viatu, usiteleze kwenye barafu, amejaribu kuparia samaki changu, anasema yapara vizuri, hayaachi gamba.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni vile vifuko vya kupasha mikono. Ni vifuko vidogo. Ukikitoa kwenye karatasi yake kikipata hewa chaanza kuwa moto, chakaa moto saa nyingi. Nikauliza ndani mna nini. Shemeji kwa fahari akanieleza: unga wa chuma, chumvi, mkaa na vikorokoro vingine. Hewa ikiingia, chuma chapata kutu kwa haraka, na kutu ile ndiyo yatoa joto.

Kutu! Yaani Mkanada atoa pesa mfukoni kununua kutu, na kikiisha atupa anunua nyingine. Mimi nyavu za dirisha langu zimekula kutu mpaka mwizi akizigusa atapata pepopunda. Mabati yangu kutu. Bawaba za mlango kutu, ukiufungua mtaa mzima wajua umerudi saa ngapi. Baiskeli ya mwanangu nimeinunua mwaka jana, leo haijulikani ilikuwa rangi gani. Upepo wa bahari watuletea chumvi bure, hewa bure, chuma chetu wenyewe. Tungekuwa na serikali yenye akili, tungekuwa twauza kutu nje ya nchi, tena ya daraja la kwanza.

Hayo yote ningesamehe. Kisichosameheka ni saa.

Shemeji alinivalisha kwa mkono wake, akaniunganisha na simu yake ili "tutiane moyo". Chini yake ina taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga ule, na kila moyo ukipiga damu yaongezeka pale, mwanga urudio wapungua, basi saa yahesabu mapigo. Nilipoelezwa hivyo nilisema mashaallah. Sikujua imetumwa.

Kwanza haijui adabu. Nimekaa barazani na wenzangu, mzee wa kahawa ameshatutilia vikombe, dele lafuka, kashata iko mkononi, mazungumzo ya siasa yameanza kunoga. Saa yatetemeka: "Simama! Tembea!" Wewe ni nani? Babangu mzazi alikuwa hanikatizi kahawa. Usiku nikilala yapima usingizi. Nikiamka Alfajiri yaandika kwamba usingizi wangu umevurugika. Nikigeuka kupiga mbu, yaandika. Asubuhi yanipa alama, na alama zenyewe ni zile nilizopata hesabu darasa la saba.

Halafu mambo ya moyo. Shemeji kanifundisha: chukua 220, toa umri wako, hicho ndicho kiwango cha juu cha mapigo. Kwangu ni 166. Siku moja nimepanda mteremko wa kutoka feri ya Likoni, natazama, 171. Kwa hesabu yao nishakuwa marehemu pale, na bado nilikuwa na madeni. Nilimpigia simu, akasema ah, hiyo ni makadirio tu, watu hutofautiana. Basi mwaniwekea ya nini?

Lakini hilo la moyo lilikuwa dogo. Kubwa likaja na ramani.

Saa hii huchora njia uliyopita. Yasikiliza setilaiti zilizoko kama kilomita 20,000 juu, yapiga hesabu, yajua uko wapi. Uwanjani au barabara kuu haina neno. Ila mimi nilichagua kupita Kibokoni, nikwepe pikipiki. Na mwajua vichochoro vya Mji wa Kale: ukinyoosha mikono wagusa nyumba mbili. Mawimbi ya setilaiti yakiingia mle yagonga ukuta huu, yaruka kwenye ule, hufika kwenye saa yamechelewa na kupotea, na saa nayo yachora upuuzi. Jioni mke wangu akachukua simu kuona mumewe amekimbia wapi. Akatulia. Akakuza picha kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Ni njia niliyopita."

"Njia gani yapita ndani ya nyumba za watu?"

Nikatazama. Mstari mwekundu umetoka kichochoroni, umeingia kwa yule mama mjane auzaye mahamri, umezunguka zunguka mle ndani, ukatokea uani.

"Na hapa umesimama dakika nne," akasema.

"Nilikuwa nje! Nimeshika ukuta, natafuta pumzi!"

"Na moyo wako ulikuwa 158."

Jamani. Nimewahi kushtakiwa maishani, lakini sijawahi kushtakiwa na kitu nilichokivaa mwenyewe. Nikaanza kumweleza mambo ya setilaiti, kwamba ziko mbali sana, kwamba mawimbi yagonga kuta, kwamba saa yahitaji setilaiti zisizopungua nne ndipo ijue mtu yuko wapi.

"Nne?" akauliza.

"Nne."

"Basi mashahidi wametimia."

Tangu hapo mimi sitoki alfajiri. Nikitaka kukimbia nipite barabara kuu, mchana, na mwanangu wa mwisho nyuma kwa baiskeli yake ya kutu. Mchana wa Mombasa! Nikaona hapana, afadhali presha. Lakini shemeji huko aliko yuaona kila kitu. "Shemeji, leo hatua 900 tu, kuna nini? Lengo ni 10,000!" Hizo 10,000 nazo nimezifuatilia. Zilianza Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Kampuni ilitoa kipima hatua ikakiita manpo-kei, kipimo cha hatua 10,000. Jina la bidhaa! Mfanyabiashara wa Kijapani kachagua namba nzuri ya kuuzia, leo mimi nasumbuliwa nayo Makadara.

Ukombozi ulikuja Ijumaa. Mke wangu alikuwa na wageni, msichana wa kumsaidia hakuja, na nikaambiwa nikae kwenye mbuzi nikune nazi. Kwa kuwa bado nilikuwa na kesi, sikubisha. Saa ilikuwa mkono wa kulia, kushoto ilikuwa imenitoa upele. Nimekuna nazi mbili, ya tatu, saa ikatetemeka: "Hongera! Umetembea hatua 2,000."

Nikaiangalia. Nimekaa. Miguu nimeinyoosha. Nikakuna tena, namba yapanda. Kumbe mle ndani mna kidude kinachohisi mtikisiko tu. Hakijui mguu wala mkono, hakijui Mama Ngina wala jikoni. Mkono ukienda na kurudi kwa mpigo mmoja, chenyewe chasema huyo atembea. Nikamaliza nazi zote za wageni, nikaomba na za kesho.

Sasa hivi nafika 10,000 kabla ya Adhuhuri bila kuinua kisigino. Shemeji amefurahi, kaniandikia ujumbe mrefu. Anasema katika kikundi chao cha kukimbia huko Toronto hajaona mtu wa umri wangu anayetembea masafa yale mapigo yakabaki 78. Amewaonyesha wenzake. Mmoja ni mkufunzi, ametaka kujua nakula nini.

Nakula wali wa nazi. Mchana wali wa nazi, usiku maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka, asubuhi mbaazi za nazi. Nazi zinazokunwa humu ndani lazima ziliwe. Ile suruali ya kubana haipiti magotini sasa, na daktari nimemuahirisha hadi baada ya Maulidi. Kesi ya Kibokoni imefutwa kimya kimya. Mke wangu hataki kumpoteza mkunaji nazi wa namna hii. Jumamosi jirani ana arusi, na yeye ameshajitolea kupika wali wa watu mia mbili. Jana usiku alinijia na ile waya ya kuchajia mkononi, akaniuliza kwa upole ambao sijausikia siku nyingi: "Bwana wangu, hiyo saa ikijaa chaji, yafika nazi ngapi?"