Injini ikizima juu ya mikorosho, shida ni injini au ni kutaka kurudi?

Juzi kijiweni hapa Mikindani dogo mmoja katuonyesha klipu ya kindege cha watu wawili, injini inazima angani, rubani anakishusha shambani anatoka anajipangusa vumbi, basi ubishi ukaanza mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja akasema vidude hivyo vipigwe marufuku, injini zenyewe za pikipiki. Nilimbishia, ila nikiwa narudi nyumbani nikaona hajakosea yote.

Sisi wa korosho mashine ya kupuliza salfa tunaijua: ukikosea kuchanganya oili na petroli pistoni inakamata, unaitua chini, unavuta kamba, unatukana, maisha yanaendelea. Ndege nyepesi nyingi za zamani zilitumia injini za ukoo huohuo, mfano Rotax 582, na huko juu huna pa kuiweka chini. Siku hizi nyingi zinafunga Rotax 912, haichanganyiwi oili, silinda 4 na kila silinda plagi 2, afadhali sana, lakini inakunywa petroli ya kawaida hii hii ya vituoni, kwahiyo maji na takataka za kwenye dumu ni zako.

Halafu kuna barafu kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, hapo walinicheka, eti barafu Mtwara! Angalia mtungi wa gesi ukipikia muda mrefu, unatoa jasho la baridi. Kabureta ni hivyohivyo, petroli ikigeuka mvuke joto linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi, na kwa unyevu wetu huu wa bahari barafu inaganda hata nje kuna nyuzi 25, hasa rubani akipunguza moto ili ashuke.

Kinachoniweka upande wa pili ni mwendo. Sheria ya Marekani ya 2004 ilitaka ndege hizi zisizidi kilo 600 na ziweze kuelea hata kwa noti 45, yaani kama kilomita 83 kwa saa, basi la Masasi linapita hapo. Injini ikizima haidondoki kama nazi, ukiwa mita 300 juu bado una karibu kilomita 3 za kuteleza. Walio hatarini zaidi ni wale wanaozimikiwa wakiwa ndio kwanza wameruka, wanageuza kurudi uwanjani, wanakata kona kali mwendo umeisha, bawa linakosa upepo, kwisha. Nyoosha mbele tu, ndo wanavyofundishwa.

Sasa mbele kuna nini? Wenzetu wana mashamba ya ngano, sisi mikorosho, minazi, na pwani mikoko. Nikamwambia mzee mimi napanda, mradi petroli ichujwe naona na tufuate ufukwe wa Msimbati, pale mpaka magari yanapita.

Akaniuliza, na maji yakijaa? Nikaagiza kahawa nyingine.