Dakika Ishirini za Msongo: Tunawaona Wenzetu au Hatuwaoni?

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao walipewa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama kumsaidia mgeni aliyeumizwa njiani. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuguna. Miongoni mwa walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Miongoni mwa walioambiwa wamekwisha kuchelewa, ni asilimia 10 tu.

Jaribio hili hutajwa mara nyingi kuonyesha kwamba binadamu akibanwa hujijali mwenyewe. Mimi nasita kulikubali hitimisho hilo, kwa sababu ya jambo dogo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Waandishi wenyewe waliona kwamba waliompita yule mtu walifika upande wa pili wakiwa na wasiwasi na taharuki. Asiyejali hana cha kumtaharukisha. Ni kweli, hofu ya kuchelewa nayo yatosha kumtia mtu wasiwasi. Lakini uwezekano kwamba walimwona, wakaumia, na bado miguu haikusimama, ndio unaonifanya niulize msongo wa ghafla unafanya nini hasa kati ya mtu na mwenzake.

Upande mmoja, unaosema msongo hututenga na wenzetu, una hoja nzito, na inaanzia ndani ya mwili. Tangu mwanafiziolojia Walter Cannon aeleze mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, picha imezidi kukamilika. Tishio likionekana, homoni ya adrenalini humwagika ndani ya sekunde chache: moyo hudunda, pumzi huenda mbio. Kortisoli, homoni nyingine ya msongo, huja polepole zaidi, na hufikia kilele dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Wakati huo huo, kama Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale alivyoonyesha katika kazi yake ya miaka mingi, kemikali za noradrenalini na dopamini zikizidi hudhoofisha mitandao ya sehemu ya mbele ya ubongo, na amigdala, inayoshughulika na hatari, hushika usukani. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayotuwezesha kuuzuia ulimi na kukumbuka kwamba mwenzetu ana habari tofauti na zetu. Ikilegea, sura isiyo na hisia yoyote yaweza kusomwa kama dharau, na swali la kawaida likasikika kama shutuma. Aliyewahi kumfokea ndugu yake muda mfupi baada ya kupokea habari mbaya anaujua ukweli huu bila kufundishwa na maabara.

Upande wa pili, unaosema msongo hutuvuta kwa wenzetu, ulichelewa kusikika. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Shelley Taylor na wenzake walihoji ile kanuni ya kupigana au kukimbia, wakikumbusha kwamba tafiti nyingi zilizoijenga zilifanywa kwa wanaume. Wao walipendekeza kwamba wanawake, wakiwa hatarini, huelekea zaidi kulinda watoto na kutafuta wenzao, na kwamba homoni ya oksitosini ina mkono katika hilo. Lilikuwa wazo la maana sana, ingawa liliacha mlango wazi kwa tafsiri nyepesi: mwanamke hukumbatia, mwanamume hupiga. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na Bernadette von Dawans iliitikisa tafsiri hiyo. Walichukua wanaume, wakawapitisha katika aina ya jaribio la msongo lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 1993: unahutubia mbele ya watu walionuna bila kuitikia lolote, kisha unafanya hesabu za kutoa kwa sauti, na ukikosea unaanza upya. Baada ya hapo walicheza michezo ya fedha. Waliotoka kwenye msongo waliwaamini wenzao zaidi, wakawa waaminifu zaidi, wakagawana zaidi kuliko wale ambao hawakupata msongo. Na wala hawakuwa wameghafilika tu: katika bahati nasibu isiyohusu mtu mwingine, hawakubahatisha zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo nani amesema kweli? Ningependa kusema wote, lakini jibu hilo ni la kukwepa. Hata tofauti ya jinsia haijafungwa: utafiti uliotolewa mwaka 2014 na Livia Tomova na wenzake uliona wanaume wenye msongo wakishindwa zaidi kutenganisha hisia zao na za mwenzao, ilhali wanawake walifanya vizuri zaidi. Siwezi kuupanga huo na ule wa 2012 katika mstari mmoja bila kulazimisha.

Inayonishawishi zaidi ni kazi ya Jeffrey Mogil na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ya mwaka 2015. Mtu akitia mkono kwenye maji ya barafu, maumivu yake huongezeka ikiwa rafiki yake naye anaumia kando yake. Akiwa na mtu asiyemjua, hayaongezeki. Watafiti walipowapa watu dawa inayozuia mwili kutengeneza kortisoli, wageni wakaanza kuhisiana kama marafiki. Dakika 15 za kucheza pamoja mchezo wa video wa muziki zilileta matokeo ya namna hiyo hiyo. Maana yake, ugeni wenyewe ni msongo, na msongo huo unaiziba huruma iliyokuwapo tayari.

Hapo ndipo ninapopingana na kauli kwamba mtu akibanwa ndipo rangi yake halisi huonekana. Kinachoonekana ni mtu aliyepungukiwa na sehemu ya ubongo wake kwa muda mfupi, na aliyesimama mbele yake anachangia nusu ya tukio. Lakini siwapi nafasi wanaoifanya kortisoli kuwa wakili wao. Homoni hiyo hushuka, mara nyingi ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na sehemu ya mbele ya ubongo hurudi kazini. Anayeendelea kutukana kesho yake asubuhi ametoka nje ya maelezo haya. Pia tukumbuke kwamba maabara hutia msongo wa aibu, wa kutazamwa na kupimwa. Msongo wa moto au wa ajali haujafuatwa kwa namna hiyo, na michezo ya fedha si sawa na ugomvi wa nyumbani.

Na mwenzetu aliye karibu aweza pia kuupunguza msongo. James Coan na wenzake, mwaka 2006, waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakiwatishia kwa umeme mdogo kwenye kifundo cha mguu. Waliposhikwa mkono na waume zao, sehemu za ubongo zinazoitikia tishio zilitulia, na zilitulia zaidi kwa wale waliosema ndoa zao ni njema. Mkono wa mtu wasiyemjua kabisa nao ulisaidia, ingawa kidogo.