Mchanga Ulipoishia, Maji Hayakuishia

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, shangazi yangu wa Mathare alinionyesha tope lilipokomea: kizingitini kwa jirani. Nyumba mbili mbele sakafu haikuwa na tope, ila magodoro yalilowa chepechepe. Anayeorodhesha waathiriwa angekuja baada ya mwezi akafuata tope peke yake, nyumba zile angeziruka.

Nilimkumbuka shangazi juzi nikibishana na rafiki yangu mhandisi, hapa hapa Nairobi. Yeye hashawishiki kwamba tetemeko la ardhi la kabla ya mashine za kupimia linaweza kupewa namba ya ukubwa kwa kuchimba mchanga ulioachwa nchi kavu na tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari yanayoletwa na tetemeko. Ana hoja. Dhoruba nayo humwaga mchanga nchi kavu, na matetemeko kadhaa yaliyofuatana yanaweza kuacha alama kama ya moja kubwa. Na namba ikishatangazwa, kuna mlipa kodi atakayejengeshwa ukuta wa kuzuia bahari.

Ila makosa anayoyalaumu naona si ya watafiti wanaouchimba mchanga huo. Tazama pwani ya Sendai, Japani, ambako bamba la Pasifiki, kipande kikubwa cha gamba la dunia, huzama chini ya nchi. Mwaka 869 bahari ilipanda. Kumbukumbu za kasri zataja watu wapatao 1,000 waliokufa maji. Watafiti walichimba mashamba ya mpunga, wakaufuata mchanga hadi ulipokoma, wakatafuta tetemeko ambalo mawimbi yake yangefika hapo. Wakapata 8.4 hivi. Hiyo ilikuwa sakafu, si dari: kiwango cha chini ambacho tetemeko lingeweza kukizidi.

Machi 2011 likaja la 9.0. Karibu na Sendai mchanga ulikomea kama kilomita 3 kutoka ufukweni. Maji yalipita kilomita 4. Katika kipande hicho cha katikati kulikuwa na nyumba na mashamba, na mchimbaji wa miaka elfu ijayo akitafuta mchanga tu hataona kitu. Kutoka 8.4 hadi 9.0 ni tofauti ya 0.6 kwenye karatasi, lakini nishati ni karibu mara nane! Lile la 869 likahesabiwa upya: angalau 8.6. Neno "angalau" ndilo watu hulidondosha njiani.

Kwetu pia kuna mchanga. Pangani, Tanzania, umefukuliwa wa takriban miaka 1,000 iliyopita, una mifupa ya watu ndani, na waliouchunguza wanauhusisha na tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi. Mhandisi wangu anataka kujua tetemeko lililouleta lilikuwa la ngapi. Mimi nauliza kwanza mchanga wenyewe umefuatwa hadi wapi.